Ukipewa vipindi vya fizikia kwenye shule ya wasichana wa vipaji maalumu

Mwongozo huu nauandikia mtu mwenye shughuli yake nyingine: mhandisi, fundi sanifu, mwanafunzi wa uzamili, au mwalimu aliyestaafu ambaye bado ana nguvu. Anapigiwa simu na shule ya jirani: mwalimu wetu wa fizikia yuko likizo ya uzazi, au amehamishwa, tafadhali njoo utushikie vipindi vichache kwa wiki. Na shule yenyewe si ya kawaida, ni ya wasichana waliochujwa.

Tanzania shule hizo zina sura mbili. Ziko za serikali, zile za vipaji maalumu kama Kilakala ya Morogoro, Msalato ya Dodoma na Tabora Wasichana, ambako wanafunzi hupangwa kwa ufaulu wao wa juu. Ziko pia za binafsi, nyingi za mashirika ya dini, ambazo huwaita waombaji kwenye mtihani wa usaili na kuchukua wachache. Kote utakuta darasa ambalo karibu kila mmoja alikuwa wa kwanza au wa pili huko alikotoka.

Hilo linabadilisha kazi yako. Wasichana hawa wanajua kusoma peke yao. Ukiwaachia kitabu na maswali ya mitihani iliyopita, watayamaliza prepo ya usiku bila kukuhitaji. Kama saa zako ni chache, usizitumie kuandika notisi ubaoni. Zitumie kwa yale ambayo prepo haiwezi kuwapa: kushika vifaa kwa mikono yao, na kukosea mbele ya watu bila kufa kwa aibu.

Hatua ya 1: Makubaliano yawe kwenye karatasi

Kabla ya chaki, karatasi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 (Sura ya 353) inataka anayefundisha awe mwalimu aliyesajiliwa au awe na leseni ya kufundisha. Kama huna cheti cha ualimu, mwambie mkuu wa shule mapema ili suala la leseni lianze kushughulikiwa. Usikubali kuambiwa "hilo tutaliona baadaye", maana mkaguzi akija, baadaye imeshafika.

Kisha ulizia malipo kwa undani. Unalipwa kwa kipindi au kwa mwezi? Kipindi ni dakika 40, lakini maandalizi ya vifaa vya maabara yanakula muda mwingi kuliko somo lenyewe, na usahihishaji wa madaftari ya darasa zima unakula jioni nzima. Je, hayo yamo ndani ya malipo? Wiki ya moko (mtihani wa majaribio), ambayo hakuna vipindi ila kuna kusimamia na kusahihisha, unalipwa? Likizo je? Nauli? Kwa shule ya serikali huenda ukawa mwalimu wa kujitolea unayepewa posho kidogo, na hapo ndipo maswali haya yanahitajika zaidi, kwa sababu kila mtu huona haya kuyauliza.

Hatua ya 2: Pigania vipindi pacha

Mwenye ratiba ni mwalimu wa taaluma, si mkuu wa shule. Mfuate yeye. Mwombe vipindi viwili vinavyofuatana, dakika 80 kwa pamoja, na viwe asubuhi au mara baada ya mapumziko ya chai. Mwalimu wa muda mara nyingi hutupiwa vipindi vya mwisho vya mchana vilivyotawanyika siku tatu tofauti. Kwa nadharia utavumilia. Kwa maabara haiwezekani, dakika 40 zinaisha mkiwa bado mnagawana stopuwochi.

Omba pia darasa moja au mikondo miwili ya kidato kimoja, usikubali kipande cha Kidato cha Tatu na kipande cha Kidato cha Sita. Kama unaweza kuchagua, chukua Kidato cha Tano. Hapo wanafunzi wa PCM, PCB na PGM (michepuo yenye fizikia pamoja na kemia, hisabati, biolojia au jiografia) wametoka shule mbalimbali, hawajazoeana, na mtihani wa taifa wa Mei uko mbali kiasi cha kukupa nafasi ya kuwafundisha vizuri. Ukipewa Kidato cha Sita mwezi Februari, utakuwa mtu wa kupitisha maswali tu.

Hatua ya 3: Ingia maabara peke yako kwanza

Mwombe mhusika wa maabara akufungulie, ukiwa na daftari, bila wanafunzi. Usihesabu vifaa vilivyopo, hesabu vinavyofanya kazi. Ammeta kumi kabatini zinaweza kuwa ammeta nne mezani: mbili mshale haurudi kwenye sifuri, tatu zimeungua, moja haina kioo. Jaribu kila stopuwochi. Angalia ncha za rula za mita, nyingi zimelika na zinaanzia milimita kadhaa ndani. Nyaya za kuunganishia zipimwe moja moja kwa betri na balbu, kwa sababu waya uliokatikia ndani ya plastiki hauonekani kwa macho na utakuharibia kipindi kizima.

Betri ndizo zinazosumbua zaidi. Shule hununua kubwa za tochi, huzitumia muhula mzima, na mwishoni volteji inashuka wakati mwanafunzi bado anasoma. Tenga mpya kwa ajili ya vipimo na za zamani kwa ajili ya kujifunza kuunganisha saketi. Wafundishe tangu siku ya kwanza kuzima swichi baada ya kila usomaji. Waya wa nikromu ukiachwa na mkondo hupata moto, ukinzani wake unabadilika kidogo, betri nayo inachoka, halafu mnakaa kushangaa kwa nini grafu ya Ohm imepinda.

Vinavyokosekana, andika orodha fupi ya vitu vya bei ndogo: uzi, pini, gololi za chuma, balbu za tochi, betri. Orodha fupi hununuliwa wiki hiyo hiyo. Orodha ya kurasa mbili huenda kwenye bajeti ya mwaka ujao, nawe hutakuwepo.

Hatua ya 4: Kipindi cha kwanza, kikundi kisizidi watu wawili au watatu

Watu husema shule ya wasichana imetatua tatizo la maabara, maana hakuna mvulana wa kunyakua vifaa na kumwachia msichana kazi ya kuandika. Ni kweli nusu. Unyakuzi haukuondoka, umebadilisha mikono tu. Ukiweka kikundi cha watu sita, mmoja hushika vifaa, mmoja huandika, wanne hunakili kwa mwandiko mzuri. Na yule mmoja huwa ni yule yule kutoka Kidato cha Kwanza hadi cha Sita. Matokeo yake msichana mwenye alama A ya nadharia anafika kwenye mtihani wa vitendo hajawahi kufunga saketi kwa mkono wake.

Kwa hiyo gawa kwa wawili wawili, ikishindikana watatu watatu. Kama vifaa ni vichache, nusu ya darasa ifanye jaribio na nusu ichore grafu ya data ya wiki iliyopita, kisha wabadilishane. Kazi zizunguke kila baada ya usomaji: aliyepima anaandika, aliyeandika anashika saa. Tangaza badiliko kwa sauti, la sivyo halitatokea.

Hapa utakutana na binti atakayekwambia kwa heshima zote, "Mwalimu, mwenzangu ndiye anajua kufunga hivi, mimi naandika vizuri." Mjibu kwa heshima hiyo hiyo kwamba leo mwenzake ataandika vibaya.

Hatua ya 5: Pendulamu, na jinsi ya kuwazuia kupika data

Hatua hii ina maneno mengi kwa sababu hapa ndipo shule za wasichana waliochujwa zinapotofautiana na nyingine. Mwanafunzi wa kawaida akipata jibu baya, huandika jibu baya. Mwanafunzi aliyezoea kupata tisini na kitu hufanya hesabu ya kurudi nyuma. Anajua g, mchapuko wa mvutano wa dunia, ni 9.8. Anajua grafu lazima inyooke. Anachukua usomaji mmoja wa kweli, mingine minne anaitengeneza kwa kikokotoo. Data imepikwa na imeiva.

Anza na jaribio lenyewe la kawaida. Uzi, gololi, stendi, stopuwochi. Urefu wa sentimita 50, 60, 70, 80, 90 na 100, mibembeo 20 kwa kila urefu (kwenda na kurudi ni mbembeo mmoja), kisha grafu ya mraba wa muda wa mbembeo mmoja dhidi ya urefu kwa mita. Kwa mita moja, mibembeo 20 inachukua takriban sekunde 40. Kwa nusu mita, kama sekunde 28. Mteremko wa grafu unatakiwa kuwa karibu 4.03, na ukigawa 39.5 (yaani 4π²) kwa mteremko huo unapata g.

Sasa pita mezani, usiseme kitu, sikiliza wanavyohesabu. Wengi wanaachia gololi, wanabonyeza saa na kusema "moja" papo hapo. Wakifika ishirini wanasimamisha. Hao wamepima mibembeo 19, si 20. Muda wao wote umepungua kwa asilimia tano, g yao itatoka karibu 10.9. Jambo la kuvutia ni kwamba grafu yao itanyooka kabisa na kupita kwenye sifuri, kwa sababu kosa limegusa kila usomaji kwa uwiano uleule. Mwanafunzi atakuja na grafu safi kama ya kitabuni na jibu lisiloeleweka.

Meza ya pili watahesabu vizuri, lakini watapima uzi hadi kwenye fundo, wakisahau nusu ya kipenyo cha gololi. Hao mteremko wao utakuwa sahihi na g itatoka 9.8 au karibu yake, ila mstari hautapita kwenye sifuri, utakata mhimili wa juu.

Zibandike grafu hizo mbili ubaoni bila majina. Uliza darasa: ipi imetoka kwa watu waliofanya kazi vizuri zaidi? Karibu wote watachagua ile inayopita kwenye sifuri. Halafu waambie watafute kosa la kila mmoja. Waache wabishane dakika kumi nzima, hata kama silabasi inakulilia. Hakuna notisi itakayowafundisha hili: mstari ulionyooka si ushahidi kwamba ulipima sawasawa.

Dawa ya kosa la kuhesabu ni kuanza na "sifuri". Na eleza kwa nini mibembeo 20, si mmoja. Mkono wa mtu unachelewa kubonyeza kwa takriban sekunde 0.2. Ukipima mbembeo mmoja wa sekunde mbili, ucheleweshaji huo ni sehemu ya kumi ya jibu. Ukipima ishirini na kugawa, unabaki na sehemu moja ya mia ya sekunde.

Wiki inayofuata, wape jaribio ambalo jibu lake halijulikani na yeyote, ukiwemo wewe. Funga uzi mrefu juu kabisa kwenye boriti la dari, pasipofikika. Waambie wasipime uzi. Wapime kimo cha gololi kutoka sakafuni tu, wafupishe uzi mara tano au sita, na kila mara wapime muda wa mibembeo 20. Wakichora mraba wa muda wa mbembeo mmoja dhidi ya kimo, mstari utateremka, na mahali unapokata mhimili wa kimo ndipo kilipo kimo cha boriti. Hakuna namba ya kurudia nyuma hapo, hakuna cha kupika. Mwishoni panda ngazi na futi kamba mbele yao. Kelele za maabara dakika hiyo zinatosha kulipia nauli yako ya mwezi.

Sheria ya daftari iwe moja na isiyo na msamaha: usomaji unaandikwa kwa wino pale pale, unaokosewa unakatwa kwa mstari mmoja, haufutwi. Na toa alama kwa usomaji uliokatwa na kuelezwa. Kwa mwanafunzi aliyezoea daftari lisilo na doa, hilo linamuumiza wiki mbili za mwanzo, kisha linamwachia.

Hatua ya 6: Maswali

Darasa la wasichana hawa linaweza kukaa kimya hadi ukadhani wameelewa wote. Hawajaelewa wote. Kila mmoja anadhani wengine wameelewa, na hataki kuwa yeye wa kwanza kushuka. Mwalimu akiuliza "kuna swali?" jibu ni "hapana, Mwalimu", kwa pamoja na kwa sauti nzuri.

Acha kuuliza hivyo. Toa swali la kutabiri kabla ya kuonyesha jambo: balbu mbili za mfululizo, nikiondoa moja, nyingine itafanya nini? Kila mtu aandike jibu kwenye kikaratasi, bila jina. Kusanya, soma kwa sauti, hesabu kura. Ndipo uonyeshe. Aliyekosea hajulikani, lakini kosa lenyewe limejadiliwa.

Lugha nayo inawafunga midomo. Mtihani ni wa Kiingereza, na utakuwa wa Kiingereza. Lakini fikra ikitoka kwanza kwa Kiswahili itoke. Mwache binti aeleze kwa Kiswahili kwa nini mkondo hauishi ndani ya balbu, darasa limsahihishe, halafu wote waandike sentensi moja ya Kiingereza inayofaa kwenye karatasi ya mtihani. Uwe na mpangilio huo kila kipindi, la sivyo utakuta maelezo matamu na mitihani mibaya.

Na wasimulie habari ya Erasto Mpemba, maana wengi wameisikia kwenye intaneti bila kujua kwamba ni ya hapa nyumbani. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu ulioingizwa kwenye jokofu ukiwa wa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza shuleni. Wenzake walimcheka. Osborne alirudi chuoni, akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wanabishana hadi leo kuhusu chanzo cha jambo hilo, na wengine kama lipo kweli. Kwako wewe mwalimu somo ni la upande wa pili: siku utakapoulizwa swali la ajabu na Kidato cha Tano, usiwe yule mwalimu wa kwanza. Sema "tujaribu", na kama vifaa vipo, jaribuni.

Hatua ya 7: Kusahihisha na kurudisha

Kwenye shule hizi orodha ya nafasi hubandikwa ubao wa matangazo, na msichana aliyekuwa wa kwanza maisha yake yote hujikuta wa 38. Utaratibu huo huwezi kuubadilisha kwa vipindi vyako vichache. Unachoweza ni kurudisha karatasi zako mkononi kwa mwenyewe, zikiwa zimekunjwa, na kuandika maoni kabla ya alama. Maoni yawe ya kitu kimoja cha kurekebisha: "vipimo vyako havina yuniti", "skeli ya grafu imetumia robo tu ya karatasi". Grafu hasa zisahihishe kwa rula mkononi. Skeli za ajabu za mafungu ya tatu au ya saba, nukta nene kama punje za mtama, mteremko uliokokotolewa kutoka nukta mbili za data badala ya mbili za mstari: haya ndiyo hupoteza alama kwenye karatasi ya vitendo ya Kidato cha Sita, si ugumu wa fizikia.

Hatua ya 8: Mipaka

Fupi, lakini usiiruke. Fundisha mlango wa maabara ukiwa wazi. Msichana anayetaka maelezo ya ziada aje na mwenzake, saa za shule, mahali penye watu. Usimpe mwanafunzi namba yako ya simu wala usiombe yake. Ujumbe wowote upitie kwa mwalimu wa darasa au matroni. Tuisheni ya nyumbani kwako kwa mwanafunzi wa bweni, hapana, hata mzazi akiomba na kulipa vizuri. Hii ni kwa wanaume na wanawake. Mwalimu wa muda hana historia pale shuleni ya kumtetea neno likizuka, na sheria za kumlinda mwanafunzi wa kike nchini ni kali, ipasavyo.

Ukiona binti amebadilika, hapati usingizi, hali chakula, daftari limeachwa, usijigeuze mshauri. Mwone matroni au mwalimu wa malezi siku hiyo hiyo.

Hatua ya 9: Kukabidhi

Mwalimu wa kudumu atarudi. Muachie kurasa mbili zilizoandikwa kwa mkono, si zaidi, maana hatasoma zaidi. Ya kwanza: mada zilizofundishwa na kiasi gani, ukisema ukweli. "Mawimbi, nadharia imekwisha, jaribio bado" ni bora kuliko alama ya vema kwenye azimio la kazi (mpango wa mada za muhula). Ya pili: vifaa vilivyoharibika mikononi mwako, vilivyonunuliwa, na majaribio ambayo kila mwanafunzi ameyafanya kwa mikono yake mwenyewe. Weka orodha ya majina na safu za majaribio, na alama ya vema pale tu ulipomwona kwa macho akipima. Nafasi zitakazobaki wazi ndizo ataanza nazo.